Misikhu: barabara inayopima magari

Saa kumi na moja alfajiri pale njia panda ya Misikhu baridi huwa bado haijaachilia. Probox tatu zimepangana kando ya lami, pua zikielekea Kitale. Dereva wa gari la kwanza amepiga magoti nyuma ya gari lake, tochi ya simu mdomoni, anasukuma kipande cha mpira mzito katikati ya mizunguko ya springi. Anafanya hivyo upande wa kushoto, anahamia wa kulia, kisha anasimama na kuukalia ukingo wa buti kwa uzito wake wote. Gari linadidimia kidogo tu. Ameridhika.

"Bila hii mpira," ananiambia akipangusa mikono, "tuta la kwanza tu tumbo yake inalamba lami."

Nimeanza na mpira huo kwa sababu kwa muda mrefu nimesikia vijana wetu wakibishana kuhusu magari madogo yenye injini kali: Golf GTI, Subaru ya mlango wa nyuma, Vitz RS. Hubishana kwa tarakimu za karatasini, lipi linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde ngapi. Barabara ya kutoka Webuye kupitia Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, kama kilomita 60 hivi, imekuwa ikipima magari kwa njia nyingine tangu enzi za babu zetu. Kipimo chake ni kikali kuliko cha karatasi, na ndicho ninachokiamini.

Turudi nyuma kidogo. Juni 1976, kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuuza Golf GTI. Wazo lilikuwa jepesi: chukua gari dogo la familia, lile lenye mlango mkubwa nyuma unaofunguka kwenda juu, kisha ulitilie injini yenye moyo. Injini ilikuwa ya sisi 1588, nguvu za farasi 110, ndani ya gari la kilo 810 tu. Walipanga kutengeneza magari 5,000. Watu wakayagombania, na kizazi hicho cha kwanza kikapita 450,000. Ulaya ikawa imepata aina mpya ya gari: la kupeleka watoto shule Ijumaa na kupasua kona za milimani Jumamosi.

Mwaka huohuo wa 1976 mfalme wa barabara yetu alikuwa Pijo. Wazee wa Misikhu wanaposema Pijo wanamaanisha Peugeot 504 ndefu, yenye safu tatu za viti na keria juu ya paa. Nyuma ilibebwa na springi nne, mbili kila upande, na hiyo ndiyo siri iliyoiwezesha kujaa watu, kuku na magunia kisha ikapanda kutoka Webuye bila kukaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Webuye kwenyewe kulikuwa kumechangamka, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilikuwa kimeanza kazi, na malori ya magogo yalijaza njia. Kuyapita malori hayo ukiwa umejaza watu ndio ulikuwa mtihani wa dereva na gari.

Sifa ya Pijo haikutoka kwenye matangazo. Ilitoka kwenye mbio za Safari Rally, zilizoanza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Mwaka 1968 mvua ilinyesha hata barabara zikawa mito, yakamaliza tena saba, na mbele alikuwa Nowicki yuleyule na 404 yake. Katikati, 1966 na 1967, Bert Shankland kutoka Tanzania alishinda mara mbili mfululizo kwa gari hilohilo. Kisha 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na ile ya milango miwili ikashinda 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Mkulima wa Misikhu aliyekuwa akihesabu senti za mahindi anunue gari la abiria hakuhitaji kusomewa kitabu. Alikuwa ameona gari gani linatoka kwenye matope.

Magari madogo ya mlango wa nyuma nayo yalipata zamu yake katika Safari, na hapa ndipo historia inaponisisimua. Lancia Delta Integrale ya Italia, gari fupi la milango mitano lenye tabo (turbo) na magurudumu manne yanayovuta, lilishinda 1988 na 1989 likiendeshwa na Miki Biasion, kisha 1991 na Juha Kankkunen. Lakini wengi waliosimama kando ya barabara watakwambia kuhusu 1993. Mwaka huo Toyota Celica zilichukua nafasi nne za kwanza. Nyuma yazo, nafasi ya tano, ya sita na ya saba, kulifika Daihatsu Charade tatu, vigari ambavyo mjini Nairobi vilikuwa vya kwenda sokoni. Na Patrick Njiru, Mkenya, aliifikisha mwisho Subaru Vivio, gari la injini ya sisi 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia, alikuwa na Vivio kama hiyo katika mbio hizo. Yake haikumaliza.

Hilo ndilo somo la barabara zetu. McRae alikuwa na kasi kuliko karibu kila mtu duniani. Njiru alijua jiwe liko wapi.

Sasa Probox. Toyota iliitoa 2002 iwe gari la kazi la makampuni ya Japani: kubeba sampuli, barua na vipuri. Haina urembo. Mlango wa nyuma umesimama wima kama wa kabati ili mizigo iingie hadi mwisho. Huku kwetu ilipofika kama gari lililotumika, ilikalia kiti alichokiacha Pijo, na sababu zilikuwa zilezile: ekseli ngumu ya nyuma, springi zinazovumilia, spea kila mahali, na petroli kidogo. Ukimuuliza dereva wa steji, atakwambia lita moja inampa kilomita 12 akiwa amejaza, na zaidi ya hapo akirudi mtupu.

Ila kuna jambo ambalo hata madereva wengi hawalijui. Probox ya sisi 1500 ina injini ambayo Toyota huiita 1NZ-FE, yenye nguvu za farasi 109. Injini hiyohiyo ndiyo waliyoitia ndani ya Vitz RS, gari ambalo vijana wa Japani walilinunua ili wakimbie. Na Probox na Vitz zilijengwa juu ya msingi mmoja. Kwa hiyo lile gari la kubeba vitunguu pale Misikhu ni ndugu wa damu wa gari la mbio, na nguvu zake ni pungufu kwa farasi mmoja tu kuliko za Golf GTI ya 1976.

Basi tuzipime kwa kipimo chetu. Golf GTI ikiwa na dereva mmoja wa kilo 65 inafika kilo 875. Kila farasi anavuta kilo nane. Probox tuiweke kilo 1,040. Ikibeba watu watano, kama sheria inavyotaka, kila farasi anavuta kama kilo 12 na nusu. Ikibeba watu kumi, jambo ambalo mtu yeyote aliyesafiri njia hii amelishuhudia, kila farasi anavuta kilo 15 na nusu, na bado hatujaweka magunia.

Halafu kuna hewa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Huko hewa ni nyembamba, na injini isiyo na tabo inavuta hewa ileile nyembamba unayoivuta wewe. Hupoteza kama moja ya sita ya nguvu zake. Farasi 109 wa karatasini wanabaki 90 hivi. Injini yenye tabo husindika hewa kabla ya kuimeza, ndiyo maana Subaru ya tabo huku juu hunguruma kana kwamba bado iko Mombasa, huku Golf ya zamani na Probox zikihema pamoja. Kijana akiniambia gari lake lilipimwa Ulaya, kwenye usawa wa bahari, na mtu mmoja ndani, humwambia alilete hapa, alipakie shangazi watano na ndizi, tuanze upya.

Na matuta? Gari la mbio la mjini limeshushwa chini ili lishike kona. Njia hii ina matuta karibu kila penye soko, na magari hayo huyavuka kwa mshazari, gurudumu moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Probox imeshayavuka yote na abiria wawili wameshashuka.

Lakini siwezi kuisifu Probox nikanyamaza hapo. Nimewahi kupanda mojawapo kutoka Misikhu kwenda Kitale, nikiwa ndani ya buti na watu wengine watatu, magoti yetu yamegusana, mgongo wangu kwenye mlango uliofungwa kwa kamba ya mpira. Mbele, dereva alikuwa ameketi nusu kiti, mtu mwingine amebanwa kati yake na mlango. Tulipolipita trekta la miwa kwenye mteremko, nilihisi breki zikikamatwa na gari likiendelea kwenda. Kwa sekunde mbili hivi hakuna aliyepumua. Mama aliyekuwa karibu nami alishika mkono wangu, hatujuani, akauachilia tulipofika tambarare.

Hesabu inaeleza kilichotokea. Gari la watu kumi kwenye mwendo uleule lina nguvu ya mwendo karibu nusu zaidi kuliko likiwa na dereva peke yake, na breki ni zilezile, za dramu nyuma, zilizopimwa kwa mzigo mwingine kabisa. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kazi Februari 2004, zilileta kidhibiti mwendo na mikanda ndani ya matatu. Ndani ya buti hakuna mkanda. Ukweli huu unaniuma, kwa sababu gari lenyewe halina kosa. Limepewa kazi ya gari jingine, kwa kuwa nauli ya mtu mmoja mmoja haitoshi petroli, na mwanafunzi wa Lugulu lazima afike shule.

Mwaka 2021 Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, safari hii Naivasha. Sébastien Ogier alishinda kwa Toyota Yaris. Mwaka 2022 Kalle Rovanperä alishinda, na Yaris zikachukua nafasi zote nne za kwanza. Mwaka 2023 zikafanya hivyo tena, Ogier mbele. Yaris ni jina ambalo Vitz ilipewa katika nchi nyingi za nje. Toyota imetengeneza pia ya kuuzwa barabarani, GR Yaris, yenye injini ya silinda tatu, tabo, na nguvu za farasi zaidi ya 250. Siku ile ya 2021 kibandani Misikhu watu walitazama kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya soda, na kila Yaris ilipotokeza kwenye vumbi, makanga mmoja aliipiga boneti ya Probox iliyokuwa karibu, kama mtu anayempongeza mjomba wa mshindi.

Pale steji kuna mzee aliyeendesha Pijo miaka mingi kabla macho hayajamlazimisha kuacha. Huketi kwenye benchi karibu na duka la vipuri. Probox ikifika kutoka Kitale, huinuka taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti kulisikiliza joto lake. Jioni niliyomkuta, gari lilikuwa limesimama na makanga kijana akaanza kujisifu kwamba wametoka Kiminini bila kupitwa na mtu.

"Mulembe, kijana," mzee akasema, kiganja bado juu ya bati. "Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja, mzee."

Mzee akaondoa mkono, akazunguka hadi nyuma, na kuanza kuwahesabu waliokuwa wakishuka, mmoja mmoja, hadi wote kumi na mmoja walipokuwa wamesimama kwenye lami.