Okestra ya taarab ilikuwa chama: tulichoachiwa na bibi zetu



Sisi tulioko Singida, takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, kazi yetu ni kushona sare za harusi. Swali tunaloulizwa sana na mabiharusi ni hili: "Jioni ya wanawake tupige nini?" Okestra kamili ya taarab huku bara haipatikani kirahisi, na kuisafirisha kutoka visiwani ni gharama. Basi wengi wanakodi spika, wanaunganisha simu, shughuli inakwisha. Leo tunataka tuwasimulie taarab ilivyoanza na bibi zetu waliifanyia nini, kwa sababu ndani yake mna kitu ambacho spika haiwezi kutuletea.

Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alileta muziki wa Misri kwenye kasri lake na akampeleka mtu Cairo kwenda kujifunza kupiga ganuni. Huo ulikuwa muziki wa wakubwa, ukiimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda klabu yao, Ikhwani Safaa, maana yake ndugu wa usafi wa moyo. Angalieni jina lenyewe. Kabla ya udi, fidla na nai, walijiita ndugu. Klabu hiyo imevuka miaka 100 na bado inajulikana Zanzibar.

Lakini mwanzoni hiyo ilikuwa klabu ya wanaume. Mwanamke aliyefungua mlango ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa watu masikini aliyekuwa akiuza vyungu. Alihamia mjini, akajifunza kuimba, akakaa na wapigaji wake mpaka sauti yake ikajulikana. Mwaka 1928 walikwenda Bombay, India, kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Tangu hapo taarab ikawa ya mtu wa Ng'ambo na ya mtu wa shamba pia, kwa kuwa kila mmoja alielewa kinachoimbwa. Siti aliimba habari za mitaani, pamoja na dhuluma walizofanyiwa wanawake na wanyonge. Alifariki 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake.

Baada ya Siti, wanawake wa Zanzibar walianzisha vikundi vyao wenyewe. Baadhi walijipa majina ya kijeshi ya zama za vita, kama Royal Navy na Royal Air Force. Baadaye wakavuma Nur el-Uyun na Sahib el-Ari. Wanawake ndio waliokuwa wenye kikundi na ndio walioimba. Wapigaji wa ala kwa kawaida walikuwa wanaume walioalikwa. Wanachama walivaa sare, walifanya mazoezi pamoja, na walisimama na mwenzao akiwa na harusi au msiba. Shughuli ya mmoja ilikuwa ya wote.

Hatutaki kuwapamba kupita kiasi. Vikundi hivyo vilishindana vikali kwa mavazi na kwa vijembe. Mwanamke aliyeguswa na ubeti alinyanyuka taratibu, akaenda kumtunza mwimbaji huku jicho likimtazama hasimu wake. Jina halitajwi, lakini ukumbi mzima umeelewa. Mengine yalizaa uhasama wa miaka. Dini yetu inatukataza kusengenyana na kuvunjiana heshima, na hilo halikuwa halali kwa kuwa tu liliimbwa vizuri.

Wasiokuwa na uwezo wa kuita okestra kubwa walikuwa na kidumbak: ngoma mbili ndogo, fidla moja, cherewa, mkwasa, na sanduku la chai lililotiwa kijiti na uzi likawa besi. Harusi za mitaani na mashamba zilichangamka kwa hicho hicho. Kwa hiyo ufukara haukumnyima biharusi furaha yake.

Mwaka 1958 ikaanzishwa Culture Musical Club, na humo ndimo alimopitia Khadija Kopa kabla ya kuvuma bara. Miaka ya 1990 taarab ya kisasa ya vinanda vya umeme ikasambaa kwa redio na kaseti, na hivyo ndivyo wengi wetu huku kati tulivyoizoea. Sauti zilifika. Chama hakikufika, kwa sababu chama hakiingii kwenye kaseti.

Na visiwani wanawake waliendelea. Tausi, kikundi cha Mariam Hamdani, kimewaweka wanawake wenyewe kwenye udi, ganuni na fidla. Bibi zetu waliimba huku ala zikipigwa na wanaume. Wajukuu wao sasa wanashika fidla wenyewe, na jioni ya wanawake inaweza kuwa ya wanawake watupu.

Tunajua wapo masheikh wasioruhusu ala isipokuwa dufu, na wapo wenye mtazamo mwingine. Biharusi, muulize mwanachuoni unayemwamini, kisha utulie na jibu lake. Tunalolisema sisi linamfaa hata anayetumia dufu peke yake.

Mezani kwetu tunaona mengi. Tunaona mama akirudisha kitambaa cha sare kwa sababu hana fedha ya kukilipia, na siku ya harusi ya mtoto wa dada yake asionekane. Tunaona wengine wanaingia mikopo ya kausha damu ili ukumbi, spika na MC vipatikane kwa usiku mmoja. Asubuhi watu wametawanyika, deni limebaki kwa mmoja. Bibi zetu walikuwa na sare, nyimbo na mashindano, lakini walikuwa pia na wenzao wa kubeba nao mzigo.

Basi kama unaolewa Singida, Manyoni, Iramba au popote palipo mbali na Malindi na Ng'ambo, anza na watu kabla ya spika. Kusanyeni wanawake 10 wa mtaa au wa darsa. Tafuteni mwenye sauti, mwenye dufu, na mwenye kujua kutunga. Tungeni beti zenu za kumwombea biharusi na kumpa nasaha, zisizomchoma mtu. Chagueni kitambaa ambacho mwenye kipato kidogo kuliko wote anakimudu, mkilipe kidogo kidogo, na sare hiyo hiyo ivaliwe harusi ya pili na ya tatu. Wekeni daftari la zamu, ili anayesaidiwa leo asaidie kesho.

Okestra inaweza isifike kwenu kamwe, lakini ule undugu uliotajwa katika jina la klabu ya 1905 hauhitaji nauli.

Allah awajaalie mabiharusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na aturehemu na waliotutangulia. Amin.