Mafundo Yasiyoonekana: Ufungaji wa Plasta ya Nyuzi katika Majumba ya Maonyesho ya Uingereza, 1856–2013

1.0 Utangulizi

Jioni ya tarehe 19 Desemba 2013, sehemu ya dari ya jumba la maonyesho la Apollo, katika mtaa wa Shaftesbury Avenue jijini London, iliwaangukia watazamaji wakati mchezo ukiendelea. Watu zaidi ya 70 walijeruhiwa; hakuna aliyefariki. Jumba hilo lilikuwa limefunguliwa mwaka 1901. Uchunguzi wa halmashauri ya Westminster ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa kuchakaa kwa vifungo vya kitambaa na plasta vilivyozishikilia fremu za mbao za dari kwenye paa.

Tukio hilo linaibua swali la kihistoria ambalo makala haya yanalichunguza: ilikuwaje sehemu iliyobeba uzito wote wa dari ikawa ndiyo sehemu iliyofahamika kidogo kuliko zote? Jibu linatafutwa katika historia ya plasta ya nyuzi, yaani plasta ya jasi iliyoimarishwa kwa kitambaa cha gunia na fito za mbao, ambayo humiminwa katika kalibu kwenye karakana na kisha kufungwa katika jengo. Hoja kuu ni kwamba teknolojia hii iliigawa kazi ya nakshi katika sehemu mbili, kutengeneza na kufunga. Sifa na kumbukumbu zikabaki upande wa karakana. Ujuzi wa ufungaji ukabaki mikononi mwa mafundi na juu ya dari, mahali ambapo macho ya wengi hayafiki.

2.0 Kabla ya Hataza: Mkono Mmoja, Ukuta Mmoja

Ufundi wa lipu nchini Uingereza ni wa kale. Chama cha wapiga lipu wa London kilipata hati ya kifalme mwaka 1501. Katika karne zilizofuata, dari ya kawaida ilijengwa kwa kupigilia fito nyembamba chini ya boriti, kisha kupaka tabaka za chokaa, mchanga na manyoya ya wanyama. Lipu hiyo ilipenya katikati ya fito, ikavimba upande wa juu na kuganda, na uvimbe huo ndio uliokuwa kishikizo chake. Mkanda wa nakshi unaozunguka mahali dari inapokutana na ukuta ulivutwa papo hapo kwa kielezo cha bati kilichopitishwa juu ya lipu mbichi mara nyingi hadi umbo likamilike. Vipambo vidogo, kama majani na maua, viliweza kumiminwa pembeni na kubandikwa baadaye. Hata katika kazi mashuhuri za karne ya 18 zilizobuniwa na Robert Adam na kutekelezwa na fundi Joseph Rose, sehemu kubwa ya kazi ilifanyika ndani ya jengo lenyewe.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kuilinganisha hali hiyo na nyumba za mawe za Lamu. Huko, chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe ilipakwa ukutani, na fundi akachonga nakshi na kupamba zidaka za chumba cha ndani pale pale zilipokusudiwa kukaa. Nakshi na ukuta vilikuwa kitu kimoja. Tofauti za mtindo na mazingira ni kubwa, lakini mifano yote miwili inashiriki jambo moja la msingi: kwa sehemu kubwa, aliyelipa pambo umbo ndiye pia aliyehakikisha kwamba linashika.

Njia hiyo ilikuwa na gharama yake. Lipu ya chokaa hukauka polepole, na kila tabaka huhitaji muda kabla ya tabaka linalofuata kupakwa. Dari kubwa ya nakshi ingeweza kulizuia jengo kwa majuma mengi, nayo ilikuwa nzito.

3.0 Hataza ya Mwaka 1856 na Kuhama kwa Kazi

Mwaka 1856 Leonard Alexander Desachy, mchongaji wa vielelezo kutoka Ufaransa, alisajili nchini Uingereza hataza ya kutengeneza mapambo ya majengo kwa plasta iliyoimarishwa kwa kitambaa. Wazo la kuunganisha kitambaa na plasta halikuwa geni. Mafundi wa Misri ya kale walitumia kitani kilichotiwa plasta katika kutengeneza majeneza na vinyago vya maiti. Jambo jipya lilikuwa kuligeuza wazo hilo kuwa mfumo wa uzalishaji kwa ajili ya ujenzi.

Mfumo huo ulitegemea malighafi mbili. Ya kwanza ni jasi. Ikichomwa kwa takribani nyuzijoto 150 za Selsiasi, jasi hupoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa unga. Unga huo ukichanganywa na maji huganda tena kwa dakika chache. Ya pili ni kitambaa cha gunia. Katikati ya karne ya 19, juti kutoka Bengal ilikuwa ikisokotwa na kufumwa kwa mashine katika viwanda vya Dundee, Uskoti, hivyo gunia likapatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Dari za fahari za London, kwa maana hiyo, zilikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na mashamba ya Bengal.

Katika karakana, kielelezo kilichongwa kwanza, kisha kalibu ikatengenezwa juu yake. Kwa nakshi zenye mapango na mikunjo, jelatini ilifaa zaidi kwa kuwa iliweza kupinda na kuachia bila kuuvunja mchongo. Fundi alipaka tabaka jembamba la plasta ndani ya kalibu, akatandika gunia lililochovywa katika plasta, akapanga fito za mbao kingoni na katikati, akazifunika kwa vipande vingine vya gunia. Gundi kidogo iliyotiwa katika maji ilichelewesha kuganda ili apate nafasi ya kufanya kazi. Plasta ilileta umbo, gunia likazuia kupasuka, na fito zikaleta ugumu. Kipande kilichotoka kilikuwa chepesi kuliko lipu ya chokaa ya ukubwa uleule, na kalibu moja iliweza kutoa vipande vingi vinavyofanana.

Matokeo yake hayakuwa ya kiufundi tu. Kilichosajiliwa katika hataza kilikuwa namna ya kutengeneza. Kilichoweza kuonyeshwa kwa mteja, kuhesabiwa na kuuzwa kilikuwa kipande. Ufungaji haukuweza kuwekwa kwenye rafu wala kuchorwa kwa urahisi, kwa sababu ulibadilika kulingana na kila paa na kila boriti.

4.0 Kazi ya Mfungaji

Kuuona ufungaji kuwa hatua ndogo inayofuata kazi halisi ni kuupotosha ufundi wenyewe. Mfungaji alipokea vipande vilivyotiwa alama, akapima chumba, akapiga mistari ya katikati na ya usawa. Chumba halisi aghalabu hakilingani na mchoro: ukuta huenda ukawa umepinda kidogo, na boriti moja ikawa chini kuliko nyingine. Vipande, kinyume chake, vilifanana kwa kuwa vimetoka katika kalibu moja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuigawa tofauti hiyo kidogo kidogo ili jicho la mtu aliye chini lisiione.

Hatua iliyofuata ilikuwa kushikiza. Mahali palipokuwa na mbao karibu, kipande kilipigiliwa misumari au kufungwa kwa parafujo kupitia fito zake, na vichwa vya misumari vikafunikwa kwa plasta. Katika dari pana zilizopinda, paa lilikuwa mbali juu. Hapo mfungaji au msaidizi wake alipanda juu ya dari, akachovya ukanda wa gunia katika plasta, akauzungusha kwenye fito za kipande na kwenye fremu ya mbao, akaukaza kabla haujaganda. Wengine walitumia waya uliosokotwa na kisha kuvikwa gunia na plasta. Kila kipande kilihitaji mafundo kadhaa ya namna hiyo, na uzito ulipaswa kugawanywa sawasawa. Fundo lililolegea liliuhamishia mzigo wake fundo la jirani.

Mwishoni, maungio yaliimarishwa kwa gunia upande wa nyuma na kuzibwa kwa plasta upande wa mbele, kisha nakshi iliyokatika ikaunganishwa kwa mkono. Kazi ilihesabiwa kuwa njema pale ambapo hakuna ungio lililoonekana. Hapa ndipo penye kinaya cha ufundi huu: mfungaji alifanikiwa kwa kujifuta. Mchongaji aliacha umbo lililosifiwa. Mfungaji aliacha mafundo gizani, katika nafasi kati ya dari na paa.

5.0 Majumba ya Maonyesho na Hatima ya Mafundo

Plasta ya nyuzi ilipata soko kubwa katika majumba ya maonyesho. Moto wa jumba la Theatre Royal mjini Exeter, Septemba 1887, uliua watu zaidi ya 180 na kuongeza shinikizo la kuwa na majengo salama zaidi. Plasta haiwaki kirahisi kama mbao na turubai. Wepesi wake uliiwezesha kufunika roshani za chuma zisizo na nguzo, na kasi yake iliwafaa wamiliki waliotaka kufungua milango mapema. Msanifu Frank Matcham alitumia plasta ya nakshi kwa wingi katika majumba kama Hackney Empire la mwaka 1901 na London Coliseum la mwaka 1904. Ufundi huo ulikuwa umeshapata nafasi katika maandishi ya fani: William Millar aliushughulikia katika kitabu chake kikubwa cha upigaji lipu kilichotoka mwaka 1897.

Mafundo hayo, hata hivyo, yaliishi katika mazingira magumu. Maji ya paa linalovuja huozesha juti, hulainisha jasi na kutia kutu misumari na waya. Joto na unyevu vinavyopanda kutoka ukumbini vilipanua na kusinyaza mbao mwaka baada ya mwaka. Aidha, nafasi ya juu ya dari ilivutia kazi nyingine: nyaya za umeme, mabomba na mitambo ya hewa. Mtu asiyejua kazi ya kipande cha gunia kilichokauka angeweza kukiona kuwa takataka, akakikata ili apite. Kwa mtazamaji wa chini, hakuna kilichobadilika. Rangi ilipakwa upya, dhahabu ikang'arishwa, na dari ikaendelea kupendeza huku nguvu yake ikipungua.

Tukio la Apollo lilibadili mwelekeo wa uangalizi. Mwaka 2015, chama cha wataalamu wa majumba ya maonyesho cha Uingereza, kijulikanacho kwa kifupi ABTT, kilitoa mwongozo kuhusu ukaguzi, uthibitishaji na utunzaji wa kumbukumbu za dari za plasta ya nyuzi zilizoning'inizwa. Mwaka 2019 taasisi ya Historic England nayo ilichapisha mwongozo wa utunzaji wake. Jambo la kuzingatia ni msisitizo wa kumbukumbu. Zaidi ya karne moja na nusu baada ya hataza, mafundo yalianza kuandikwa: yako wapi, ni ya aina gani, na yana hali gani.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mageuzi yaliyoanza mwaka 1856 yalibadili zaidi ya malighafi ya dari. Yalitenganisha kutengeneza na kufunga, na utengano huo uliamua nini kikumbukwe. Historia iliyoandikwa kwa kutazama dari kutoka chini itawaona wasanifu, wachongaji na wenye hataza. Historia inayoanza juu ya dari itamwona pia fundi aliyekaza gunia kabla plasta haijaganda, ambaye kazi yake ilidumu zaidi ya karne moja bila kutajwa na ikatambuliwa iliposhindwa.

Funzo hilo lina uzito kwa mtafiti wa historia ya ufundi popote pale. Palipo na nakshi, swali la nani aliyeibuni halitoshi. Sharti lifuatwe na swali la nani aliyeishikiza, kwa nini, na nani anayejua leo ilivyoshikizwa. Pale ambapo swali hili la mwisho halina jibu, jengo limeanza kupoteza kishikizo chake, hata kama hakuna ufa unaoonekana.