Donald na matofali ya shule

Mwezi ujao naenda fildi ya kufundisha, kwa hiyo wiki hii nimezama kwenye historia ya usonji.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu watoto 11. Wa kwanza ni Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alipelekwa kituoni akiwa na miaka mitatu, mwaka uliofuata wazazi wakaenda kumchukua, ingawa mkuu wa kituo alipinga. Baadaye akasoma sekondari ya palepale mjini na watoto wengine. Siku moja wenzake wakamuuliza ukuta wa shule una matofali mangapi. Akatupa jicho, akataja namba, basi jina likavuma! Akiwa mtu mzima akakiri namba aliibuni, alitaka tu wale vijana wamwone wa maana. Na bado wapo wanaosema mwenye usonji hajali watu.

Akamaliza chuo mwaka 1958, akafanya kazi benki, akafariki 2023. Ila benki yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mama yake, tusidanganyane. Wakati ule shule za Marekani ziliweza kumkataa mtoto mwenye ulemavu. Sheria ya kuzibana ilikuja 1975, na usonji kutajwa kwa jina ni 1990. Kanner alipowafuatilia wale 11, mwaka 1971, waliowekwa hospitali za serikali walikuwa wamerudi nyuma vibaya.

Haya, nakimbilia kipindi cha saa kumi.