Heller za Tabora

Sisi wa Kingamyambo tuliozoea shaba tusikie habari za heller 20 za Tabora. Mwaka 1916, vitani, Waingereza walikuwa wameifunga bahari, na Wadachi hawakuweza kupata sarafu kutoka kwao. Wakazipiga wenyewe Tabora, katika karakana ya reli, za shaba nyekundu na za shaba ya manjano. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule askari wa Kongo wakauingia mji huo.

Chapa za chuma za kupigia sarafu hizo zilikuwa kadhaa, wala hazikufanana. Ndiyo maana taji huwa kubwa au dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER huwa kali au zimejikunja. Basi mwenye sarafu mbili zisizolingana asidhani moja ni ya uongo, wala asikubali mnunuzi amdanganye hivyo apate kuichukua kwa bei ya bure.

Ya uongo ina dalili nyingine. Iliyomiminwa katika kalibu mara nyingi huonyesha vitundu vidogo usoni na mshono ukingoni. Tuitazame kwa kioo cha kukuzia, tusiisugue. Kisha ndipo tuhukumu.