SOMO LA REDIO: FENI YA MOTOKAA, UPEPO WA GARI LILILOSIMAMA

Leo tunasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo kidogo kikaacho nyuma ya rejeta ya motokaa, nacho ni feni. Fuatisha maneno kwa kidole chako huku ukisikiliza. Ukilielewa somo hili, utaweza kumwuliza fundi maswali ya maana, na pengine utaokoa fedha zako.

1. Motokaa iliyosimama Isongole

Twende Isongole, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, karibu na mpaka wa Malawi. Motokaa kuukuu imetoka Mpemba, jirani na Tunduma, mwendo wa kilomita 50 hivi. Njiani haikuwa na taabu. Imefika, imesimama kungoja abiria, na injini inanguruma. Baada ya dakika chache mshale wa joto unapanda, na mvuke unatoka mbele.

Dereva asema, "Rejeta imeziba." Utingo asema, "Maji yamekwisha." Mwenye motokaa anahesabu fedha moyoni mwake, maana motokaa hiyo ndiyo shamba lake na ada ya shule ya watoto wake.

Nani asema kweli? Usijibu upesi. Angalia jambo moja tu: motokaa ilikuwa salama ilipokwenda, ikaugua iliposimama. Liweke neno hilo moyoni. Tutalirudia.

2. Injini ni kama jiko

Injini huchoma mafuta kama jiko lichomavyo kuni. Si joto lote la mafuta linalogeuka kuwa mwendo. Karibu theluthi moja huingia katika maji yanayozunguka injini. Pampu huyasukuma maji hayo mpaka kwenye rejeta. Rejeta ina vijia vyembamba vingi. Upepo hupita kati yake na kuchukua joto, kisha maji hurudi kwenye injini yakiwa yamepoa.

Basi maji peke yake hayatoshi. Lazima upepo uwepo. Motokaa ikienda mbio, upepo huja wenyewe. Ikisimama, upepo hukoma, lakini jiko bado linawaka. Hapo ndipo feni inapoanza kazi yake.

3. Zamani kabla ya feni

Mwaka 1886 Karl Benz wa Ujerumani alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa motokaa. Injini yake ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea kuwa mvuke. Mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, alisafiri kwa motokaa hiyo pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita 100 na zaidi kidogo. Ilimbidi asimame tena na tena njiani kutafuta maji.

Fundi Wilhelm Maybach alipata njia iliyo bora. Katika motokaa ya Mercedes, iliyotoka kiwandani mwishoni mwa mwaka 1900, alitia rejeta yenye vijia vidogo zaidi ya 8,000, mfano wa sega la nyuki. Nyuma yake akaweka feni, ili upepo upite hata motokaa ikienda polepole. Mambo yamebadilika mengi tangu siku hizo, lakini kazi ya feni ni ile ile.

4. Malori ya Tunduma

Sasa turudi kwetu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ilikuwa ikipata mafuta kwa njia ya Rhodesia, na mwezi wa Desemba njia hiyo ilifungwa. Ilibidi mafuta yapite Tanzania. Malori yalitoka Dar es Salaam na mapipa ya mafuta, yakapita Iringa na Mbeya, yakavuka mpaka Tunduma. Mengine yalirudi na shaba ya Zambia. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo, nayo ikaitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda shirika la uchukuzi pamoja na Waitalia, likatumia malori ya Fiat.

Fikiri juu ya lori lenye mzigo likipanda mlima wa Kitonga kabla ya kufika Iringa. Injini inafanya kazi nyingi sana, lakini magurudumu yanakwenda polepole kama mtu anayetembea. Joto ni jingi, upepo ni haba. Tena, katika nchi za juu maji huchemka mapema. Mjini Mbeya, kiasi cha meta 1,700 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye digrii 94 hivi, wala si 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kina springi: hukandamiza maji yasichemke upesi. Kifuniko kibovu huleta hasara ya rejeta nzima.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilifika Ndola, na mapipa yakapungua barabarani. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ilikabidhiwa kwa serikali hizo mbili.

Feni ya malori ya siku hizo ilizungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Ugonjwa wake ulionekana kwa macho: mkanda umelegea, umepasuka, au umekatika. Dereva aliyebeba mkanda wa akiba aliweza kujiponya mwenyewe porini.

5. Feni yapata umeme

Baadaye waundaji wa motokaa ndogo waliilaza injini kwa upana ili kupata nafasi. Injini ikilala hivyo, mkanda wake hauelekei tena kwenye rejeta. Motokaa ya Fiat 128, iliyotoka mwaka 1969, ilikuwa na feni ya umeme, yenye mota yake yenyewe. Motokaa nyingi ndogo zilizokuja nchini kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika zina feni ya namna hiyo.

Kuna na namna ya tatu, ambayo huonekana sana katika pikapu: feni ya mkanda yenye klachi ya mafuta mazito katikati. Injini ikiwa baridi klachi hulegea; ikipata joto hushika.

Tazama jinsi historia inavyotufundisha. Kadiri feni ilivyobadilika, ndivyo ugonjwa wake ulivyohamia mahali pengine. Kwa hiyo swali la kwanza si "Rejeta mpya ni bei gani?" Swali la kwanza ni hili: "Feni hii inazungushwa na nini?"

6. Jinsi ya kupima

Kwanza uliza: motokaa inachemsha lini? Ikichemsha inaposimama au inapokwenda polepole, na kupoa inapokwenda mbio, ishuku feni. Ikichemsha hata kwa mwendo wa kasi, ishuku kwanza maji, themostati, pampu au rejeta iliyoziba.

Feni ya mkanda: zima injini. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukibonyea kiasi cha sentimeta moja, huwa ni sawa. Ukizama sana, umelegea. Uking'aa kama kioo au ukiwa na nyufa, umechakaa.

Feni ya klachi: injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka mara nyingi bila kizuizi, klachi imechoka.

Feni ya umeme: fuata waya, hatua kwa hatua. Tazama fyuzi. Kisha toa rilei ya feni na utie nyingine iliyo sawa nayo. Feni ikizunguka, rilei ndiyo mbovu. Ikigoma, fundi aipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, mota ni nzima, na ugonjwa uko katika waya au katika sensa ya joto. Ikigoma bado, mota imekufa, na mara nyingi kaboni zake zimekwisha. Mota mpya ikitiwa, hakikisha inazunguka upande unaotakiwa. Waya zikibadilishwa mahali, feni hupuliza kinyume na kupigana na upepo wa njia.

7. Maonyo mawili

Onyo la kwanza: usifungue kifuniko cha rejeta iliyo moto. Maji huruka na kuunguza uso na macho. Zima injini, ngoja ipoe kabisa. Tena, usitie mkono wala nguo karibu na feni ya umeme; katika motokaa nyingine huweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Onyo la pili: watu wengine huiunga feni moja kwa moja ili izunguke daima. Jambo hilo laweza kukufikisha nyumbani, lakini si dawa. Sensa au rilei mbovu inabaki pale pale, na waya uliounganishwa ovyo unaweza kuwaka moto. Wengine huitoa themostati na kuitupa, na huko ni kuficha ugonjwa. Motokaa ikiendeshwa huku inachemsha, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Hapo fyuzi ya bei ndogo imekula bei ya injini.

Basi, turudi Isongole. Motokaa ilikuwa salama njiani, ikaugua iliposimama. Dereva alikisia rejeta, utingo alikisia maji. Maji na yapimwe kwanza injini ikipoa, maana kupima maji hakuna gharama. Yakiwa kamili, wamtazame yule ambaye kazi yake ni kuleta upepo wakati safari imesimama. Mwenye motokaa asinunue rejeta kabla feni haijatoa ushahidi wake. Kumbuka: kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini Bertha Benz alisimama mara nyingi njiani?
2. Kwa nini mafuta ya Zambia yalipita Tunduma baada ya mwaka 1965?
3. Motokaa inachemsha ikisimama tu. Utapima nini kwanza?
4. Andika sentensi tatu juu ya hatari ya kufungua rejeta iliyo moto.

Kwa heri, ndugu mwanafunzi, mpaka somo lijalo.