Mwaka wa kwanza chuoni: saa 20 za wiki ambazo hakuna anayekusimamia

Kila ifikapo Oktoba na Novemba, vijana wa Nandagala, Ruangwa mjini, Nachingwea na vijiji vya jirani hufunga mabegi kwenda vyuoni. Wengine wanaelekea Mtwara, Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro. Wengine hawaendi mbali: wapo wa Chuo cha Ualimu Nachingwea, na wapo wanaosoma ufundi VETA hapa hapa Nandagala. Nyuma ya kila begi kuna kitu kilichouzwa, iwe ufuta, mbaazi au korosho, ama kuna mkopo utakaolipwa baadaye.

Na kila mwaka wapo wanaorudi nyumbani kabla ya wakati. Si kwamba hawana akili. Walishinda mtihani wa taifa, ndiyo maana walichaguliwa. Wengi wao mwaka wa kwanza uliwapita wakiwa bado hawajajua chuo kinaendaje. Hapa tunaeleza jinsi kinavyokwenda, na mazoea gani yanamfaa mwanafunzi kuyaanza mapema. Mzazi naye asome, kwa sababu baadhi ya mambo haya yanaanzia nyumbani.

Chuo kinahesabu saa usizoziona kwenye ratiba

Shuleni kulikuwa na kengele, kiranja, mwalimu wa zamu na fimbo. Chuoni mhadhiri anaingia, anafundisha, anaondoka. Usipohudhuria, hatakufuata bwenini. Mwanafunzi mgeni akitazama ratiba anaona vipindi vichache kwa siku na siku nyingine hana kipindi kabisa, anadhani kazi ni ndogo.

Hesabu yenyewe iko hivi. Vyuo vikuu vya Tanzania hupima masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mwaka mmoja wa shahada una krediti zisizopungua 120, yaani saa 1,200. Ukizigawa kwa semista mbili zenye takribani wiki 15 kila moja, unapata saa 40 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeajiriwa, saa nane kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa tuseme ratiba yako ina saa 20 za vipindi kwa wiki. Saa 20 nyingine ziko wapi? Ziko mikononi mwako. Ni za kusoma maktaba, kufanya mazoezi, kuandika kazi na kukaa na wenzako kujadili. Hakuna anayezisimamia, lakini mtihani unatungwa kana kwamba umezitumia. Hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Zoea la kwanza, basi, ni kuziandika saa hizo. Chukua karatasi, chora siku saba, jaza vipindi, kisha jaza saa zako kwenye nafasi zilizobaki. Mfano: Jumanne saa 8 hadi saa 10 alasiri, maktaba, takwimu. Saa iliyoandikwa na kupewa somo lake ni rahisi kuitunza kuliko ahadi ya "nitasoma jioni".

Wiki sita za mwanzo

Mwanafunzi mgeni husikia kwamba mtihani uko mwishoni mwa semista, akatulia. Lakini vyuo vingi hugawa alama hivi: 40 za majaribio na kazi za ndani ya semista, na 60 za mtihani wa mwisho. Jaribio la kwanza mara nyingi huja katikati ya semista, wakati wengine ndiyo kwanza wanatafuta chumba cha kupanga.

Tuseme unataka jumla ya alama 60 katika somo. Ukiingia kwenye mtihani una 28 kati ya zile 40, unahitaji 32 kati ya 60, zaidi kidogo ya nusu. Ukiingia na 15, unahitaji 45 kati ya 60, yaani robo tatu ya mtihani mzima uipate. Somo ni lile lile, mtihani ni ule ule, ila mmoja anapanda kilima na mwingine anapanda ukuta.

Lugha ya wanafunzi wenyewe inaonyesha hatari zilipo. "Sapu" ni mtihani wa marudio kwa somo uliloshindwa. "Kariova" ni kulibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata. "Disko" ni kuondolewa masomoni kwa kushindwa. Kwa shahada yenye mfumo wa GPA ya alama 5, daraja la mwisho la kufaulu linaanzia 2.0. Soma kitabu cha kanuni za chuo chako wiki ya kwanza ujue mipaka ya kwenu, ikiwemo kiwango cha mahudhurio kinachotakiwa ili uruhusiwe kufanya mtihani.

Kusoma kwa kujiuliza

Wengi tulizoeshwa kusoma kwa kurudiarudia daftari mpaka linakaa kichwani. Chuoni kuna "madesa", karatasi za muhtasari zinazopita mkono kwa mkono, na usiku wa kuamkia mtihani watu hukesha nazo. Njia hiyo inakupa hisia kwamba umeelewa, lakini haidumu.

Mwaka 1885 mtafiti Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya siku ya kwanza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Baadhi waliirudia kuisoma, wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Maana yake kwa mwanafunzi ni hii. Siku ile ile ya kipindi, funga daftari uandike mambo makuu matano uliyofundishwa bila kuchungulia. Kisha fungua uone ulichosahau. Rudia baada ya siku mbili tatu, halafu baada ya wiki. Kila mara ni dakika 20 hivi. Ni kama palizi: anayepalilia mapema na kurudia hapati shida ya anayesubiri majani yafike kiunoni.

Kikundi cha majadiliano kinasaidia kwa sababu hiyo hiyo, mradi kila mmoja aje ameshasoma. Wanne au watano wanatosha. Wakiwa kumi na tano, wawili wanaongea na wengine wanasikiliza.

Kiingereza kisikufunge mdomo

Kijana aliyesoma shule ya kata anaweza kukaa darasani na wenzake waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Anaona aibu kuuliza, ananyamaza semista nzima. Aibu hiyo ina gharama kuliko kosa la sarufi.

Yapo mambo matatu yanayofanyika bila fedha. La kwanza, weka daftari dogo la maneno ya somo lako, kila neno na maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe. Kila fani ina maneno machache yanayojirudia, na ukiyashika hayo nusu ya mhadhara inafunguka. La pili, eleweni jambo kwa Kiswahili kwenye kikundi, kisha mliandike kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utaandikwa hivyo. La tatu, kama huwezi kuuliza mbele ya watu, mfuate mhadhiri baada ya kipindi au ofisini kwake. Kumjibu mwanafunzi ni sehemu ya kazi yake.

Fedha: mavuno ya mara moja, matumizi ya kila siku

Kwa anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, fedha ya kujikimu huja kwa awamu. Wanafunzi huiita "bumu". Kiwango cha juu cha chakula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa kiwango hicho, awamu ya siku 60 ni shilingi 600,000. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki sita mkononi, inaonekana nyingi. Simu mpya, viatu na sherehe za wiki ya kwanza huifanya iishe siku ya ishirini, na siku arobaini zinazobaki ni za madeni.

Fanya hesabu ya mkulima anayeweka akiba ya chakula. Fedha ikiingia, toa kwanza kodi ya chumba. Tuseme ni shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa miezi miwili 100,000. Zinabaki 500,000. Gawa kwa siku 60: unapata shilingi 8,300 na ushee kwa siku. Toa kila Jumatatu ya wiki hiyo tu, nyingine ibaki benki. Na ujue kwamba mkopo ni mkopo. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wako. Ukipata disko, fedha uliyokwisha kuipokea inabaki kuwa deni.

Kwa mwanafunzi anayelipiwa na nyumbani, tatizo liko kwenye kalenda. Huku kwetu ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na minada ya korosho huanza Oktoba. Wanaouza kupitia ushirika wa RUNALI wanaifahamu mzunguko huo. Semista ya kwanza inaanza wakati kuna fedha. Semista ya pili inaanza karibu na Machi, mvua zikinyesha, shamba likitaka nguvu na hakuna cha kuuza. Mwanafunzi anayezuiwa kuingia mtihani kwa kukosa ada mara nyingi ni wa semista ya pili.

Kwa hiyo mzazi, siku malipo ya korosho yanapoingia, tenga ada ya Machi hapo hapo. Ikiwezekana ilipe kabisa kupitia namba ya malipo ya chuo, kabla mahitaji mengine hayajaifikia. Ongeza bima ya afya. Bima ya NHIF kwa wanafunzi wa vyuo imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na ugonjwa mmoja bila bima unaweza kula fedha ya mwezi mzima.

Kwa wa VETA

Katika vyuo vinavyomilikiwa na VETA, ada kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kabla ya kulipa, thibitisha kiasi cha mwaka husika ofisini. Huko mazoea yanayohitajika ni tofauti kidogo. Ufundi unakaa mikononi, na mkono unajifunza karakana. Siku uliyokosa kuunga bomba au kufunga nyaya huwezi kuinakili kwenye daftari la mwenzako.

Anayeishi nyumbani Nandagala ana faida ya kula kwao, lakini ana mtihani wake: msimu wa shamba ukifika, familia inamhitaji. Zungumzeni mapema. Kijana anaweza kwenda shamba Jumamosi. Akiitwa Jumanne na Jumatano kwa wiki tatu, mwaka wake unakuwa mashakani.

Vinavyowaangusha wengi

Kubeti ni cha kwanza. Bumu la miezi miwili limewahi kwisha kwa jioni moja ya mpira. Cha pili ni mikopo ya haraka ya kwenye simu, yenye riba inayokimbia kuliko bumu linavyokuja. Cha tatu ni ujumbe wa matapeli wanaojifanya watu wa Bodi au wa chuo wakitaka utume fedha au namba yako ya siri. Ofisi halali haiombi namba ya siri.

Cha nne hakisemwi sana: upweke. Kijana aliyekulia mahali anapojulikana na kila mtu anajikuta mjini ambako jirani wa chumba hajui jina lake. Usingizi unapotea, vipindi vinaachwa, simu za nyumbani hazipokelewi. Vyuo vina ofisi ya mlezi wa wanafunzi na washauri. Kwenda huko mapema si udhaifu. Tafuta pia watu wa kwenu, msikiti au kanisa, au timu ya mpira. Na ulale: mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi.

Maswali ya mzazi kwenye simu

Mzazi ambaye hakufika chuo hudhani hana la kusaidia. Analo. Badala ya "masomo yanaendaje?", ambalo jibu lake daima ni "vizuri", uliza maswali manne: Jaribio la kwanza ni lini? Ulipata ngapi kati ya ngapi? Fedha iliyobaki inakufikisha tarehe gani? Nani anasoma na wewe?

Huhitaji kujua takwimu wala sheria kuuliza hivyo. Kijana anayejua kwamba Jumapili ataulizwa, atakuwa na jibu.