Masasi: mji wa watu walioachiwa huru

Masasi imezungukwa na milima ya mawe, na kwenye mmoja wao, Mtandi, lipo Kanisa Kuu la Anglikana. Wengi wetu tunapita hapo kila msimu wa korosho bila kujua kwamba waliokijenga kituo hicho walikuwa watumwa walioachiwa huru.

Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Waliookolewa wakabaki na swali gumu: warudi wapi? Wengine walichukuliwa wadogo mno hata kukumbuka kwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili, aliwavusha kundi lao hadi Lindi, wake kwa waume, wakatembea kuelekea Ziwa Nyasa. Ziwani hawakufika. Masasi waliona ardhi nzuri na maji, wakaomba wabaki. Wamakua na Wayao walikuwa wakiishi maeneo haya tayari, kwa hiyo tusiseme palikuwa pori tupu.

Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Wamagwangwara, waliivamia Masasi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na baadhi ya wale walioachiwa huru wakachukuliwa mateka kwa mara ya pili.

Baada ya hapo misheni ilihamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Wa Newala mnajua sababu bila kuambiwa: huku juu adui hapandi kirahisi. Wamakonde walikuwa wamekwishaona hilo, wakakubali kuteremka bondeni kutafuta maji kuliko kukaa tambarare na kutekwa. Ndoo zile za kichwani zina historia ndefu.

Kituo cha Masasi kilifufuliwa, kikachomwa tena mwaka 1905 wakati wa Maji Maji, kikajengwa upya. Dayosisi ya Masasi ilianzishwa mwaka 1926. Askofu wake wa kwanza, William Vincent Lucas, anakumbukwa kwa kutopiga marufuku jando. Aliiingiza ndani ya Kanisa, jambo lililozua ubishi mkubwa.

Historia hii imeandikwa zaidi na wamisionari. Majina ya wale waliotembea kutoka Lindi hayajulikani kwa wengi. Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayejua bibi au babu yake alitoka Zanzibar na msafara huo, mrekodi kwa simu yako, aanze kwa kutaja majina.